Kodi ya mgeni, ushuru wa mwenyeji

Neno kodi lina kazi mbili katika Kiswahili. Mpangaji humlipa mwenye nyumba kodi, na mwenye nyumba naye huilipa serikali kodi. Maongezi ya leo yanahusu zote mbili. Basi ili tusipotezane njiani, ile ya mpangaji nitaiita kodi, na ile ya serikali nitaiita ushuru, kama tulivyozoea hapa Kenya.

Zamani mgeni aliyeteremka Mombasa kwa mapumziko alikuwa na njia tatu: hoteli kama ana uwezo, gesti kama hana, au kwa jamaa kama anao. Siku hizi kuna njia ya nne. Mtu ana nyumba yake ya vyumba viwili pale Nyali, Bamburi au Diani, au kule Kilimani mjini Nairobi. Badala ya kumpangisha mtu wa mwaka mzima, ameitia vitanda, mapazia, jiko la gesi na intaneti, na anawapokea wageni wa siku mbili, wiki moja, au msimu wa Krismasi. Wengi huiita Airbnb, hata kama mgeni alipatikana kwa simu tu na kampuni hiyo ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2008, haihusiki hata kidogo.

Ni biashara nzuri. Imewapa kipato walimu, wauguzi, wastaafu na vijana ambao hawakupata kazi. Imempa kazi mama wa usafi, dobi, fundi wa mabomba na dereva wa teksi. Sina neno nayo. Neno langu ni kuhusu ile siku ya tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kila mwaka ya kuwasilisha ripoti ya ushuru kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA.

Siku hiyo unajua mambo yalivyo. Foleni katika kila saiba. Kijana aliyeketi mbele ya kompyuta anauliza swali moja tu: "Una kazi au huna?" Asiye na kazi anajaziwa sifuri, analipa pesa kidogo, anakwenda zake. Mwenye mshahara anatoa cheti chake cha P9 alichopewa na mwajiri, tarakimu zinanakiliwa, naye anakwenda zake. Hakuna aliyeuliza kuhusu wageni wa Desemba. Na yule mwenye nyumba hakusema, pengine si kwa ujanja, bali kwa kuamini kwamba zile ni pesa za pembeni, na pesa za pembeni hazina ushuru.

Hapo ndipo penye hatari. Sheria ya ushuru wa mapato haijui pesa za pembeni. Inajua mapato. Aliyepokea fedha za wageni kisha akajaza sifuri ametia sahihi maelezo yasiyo kweli, hata kama aliyebonyeza kidude ni kijana wa saiba. Ripoti ni ya mwenye PIN.

Na fedha hizi si za kufichika. Mgeni halipi tena kwa noti mkononi. Analipa kupitia kampuni iliyomletea nyumba, au kwa benki, au kwa M-Pesa, na kila njia katika hizo huacha nyayo zenye tarehe na saa. Kule Ulaya, tangu sheria mpya ianze kutumika Januari 2023, kampuni za mtandaoni zenyewe hulazimika kuziarifu mamlaka za ushuru mwenye nyumba fulani alipata kiasi gani. Anayedhani kwamba mambo ya namna hiyo hayatafika kwetu anajidanganya.

Basi tuseme mwenye nyumba ametubu, anataka kuripoti kwa haki. Je, ataripoti wapi? Hapa, msikilizaji, ndipo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu mtu mwaminifu anaweza kupotea hapa kuliko mwongo.

Iko milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni ushuru wa kila mwezi wa nyumba za makazi. Ulianza Januari 2016 kwa asilimia 10, na tangu Januari 2024 ni asilimia 7.5. Unamhusu mkazi wa Kenya anayepata kodi ya zaidi ya shilingi 288,000 na isiyozidi shilingi milioni 15 kwa mwaka. Hulipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Uzuri wake ni wepesi. Unachukua kodi yote uliyopokea, unapiga asilimia 7.5, umemaliza. Ubaya wake ni huo huo: hakuna kutoa gharama hata ya senti moja. Umepata faida, umepata hasara, asilimia ni ile ile.

Mlango wa pili ni ule wa biashara ya kawaida. Unaandika mapato yote, unatoa gharama zilizoleta mapato hayo, na faida inayobaki inaungana na mshahara wako katika ripoti ya mwaka. Ushuru wake unapanda ngazi: asilimia 10 kwa shilingi 24,000 za kwanza za mwezi, kisha asilimia 25, na inapopita shilingi 32,333 inakuwa asilimia 30, na zaidi kwa wale wakubwa wanaopita nusu milioni kwa mwezi.

Mlango wa tatu ni ushuru wa mauzo wa biashara ndogo. Tangu Julai 2023 ni asilimia 3 ya mauzo yote, kwa biashara yenye mauzo ya zaidi ya shilingi milioni 1 na yasiyozidi milioni 25 kwa mwaka. Lakini sheria hiyo imetoa nje mapato ya kodi za nyumba.

Sasa tufanye hesabu, maana ushuru bila hesabu ni porojo. Tuchukue mfano wa mwalimu mmoja wa Mombasa, mwenye nyumba moja ya wageni. Kwa mwaka mzima wageni wamemlipa shilingi 720,000. Desemba watu walipishana mlangoni. Mei, mvua ya masika ikinyesha, alipata usiku sita tu, na mwezi huo stima, maji, ada ya jengo na mshahara wa mfanyakazi vilipita kile alichopokea. Gharama zake za mwaka ni 480,000. Faida ni 240,000.

Akipita mlango wa kwanza, asilimia 7.5 ya 720,000 ni shilingi 54,000. Akipita mlango wa pili, na mshahara wake umekwisha kupita ile 32,333 kwa mwezi, basi faida yote inakatwa asilimia 30, nayo ni shilingi 72,000. Lakini kama gharama zake zingefika 600,000, faida ingekuwa 120,000 na ushuru wa mlango wa pili ungekuwa 36,000 tu. Unaona basi kwamba mlango wa nafuu hautegemei bahati. Unategemea gharama zako, na gharama zako zinategemea kama umeziandika.

Jirani yake mwenye nyumba mbili amepata shilingi 1,440,000, na faida yake ni 480,000. Naye pia ana mshahara. Mlango wa kwanza: shilingi 108,000. Mlango wa pili: shilingi 144,000. Mlango wa tatu, kama ni biashara na si kodi: shilingi 43,200. Mtu mmoja, nyumba zile zile, wageni wale wale, na majibu matatu.

Swali basi ni hili: fedha ya mgeni wa siku mbili ni kodi, au ni mauzo ya biashara?

Kifungu cha ushuru wa nyumba za makazi kinazungumza juu ya matumizi au ukaaji wa nyumba ya makazi. Hakitaji idadi ya siku. Mgeni wa usiku mmoja anaikaa nyumba, na mpangaji wa miaka kumi anaikaa nyumba. Lakini ukifungua sheria ya VAT ya mwaka 2013, unakuta imetenga: nyumba za makazi zimesamehewa VAT, ila makao ya hoteli na makao ya likizo si nyumba za makazi. Kwa sheria hii, basi, nyumba ya likizo iko upande wa hoteli. Na mwenye kupokea wageni wa namna hiyo kwa shilingi milioni 5 au zaidi katika miezi 12 anapaswa kujiandikisha na kutoza VAT ya asilimia 16. Mwalimu wetu hafiki huko kwa nyumba yake moja. Mwenye nyumba nane anaweza kufika bila kujua.

Maoni yangu ni haya. Aliyekabidhi ufunguo kwa mwaka na kusubiri mwisho wa mwezi anapokea kodi. Lakini anayebadilisha shuka kila siku ya pili, anayelipa dobi na mtu wa usafi, anayempokea mgeni saa sita usiku na kumtilia chai na sukari kabatini, huyo anafanya biashara, na hesabu yake ingepaswa kuwa ya biashara, yenye gharama na faida. Hiyo ndiyo hali halisi ya kazi yake.

Lakini maoni yangu hayamlindi mtu mbele ya afisa wa ushuru. Kinachomlinda ni maandishi. Sheria ya Taratibu za Ushuru ya mwaka 2015 inampa mlipaji haki ambayo wachache wanaijua: kumwandikia Kamishna, kumweleza hali yake yote, na kuomba uamuzi juu ya jambo lake. Ukiwa umeeleza ukweli wote, uamuzi huo unamfunga Kamishna. Vilevile, mwenye kodi ya makazi asiyetaka ule mlango wa asilimia 7.5 anaruhusiwa kumwarifu Kamishna kwa maandishi kwamba anachagua ripoti ya kawaida. Barua moja yaweza kukuokoa mabishano ya miaka mitano.

Sasa niseme mambo machache ambayo huwaponza wengi.

La kwanza, pato lako ni kile alicholipa mgeni, si kile kilichofika benki. Kampuni ikikata kamisheni yake kabla ya kukutumia, kamisheni ni gharama yako. Andika pato lote upande huu, na kamisheni upande ule. Anayeandika kilichobaki pekee amepunguza mapato yake bila kujua.

La pili, gharama ni zile zilizoleta pato. Wiki mbili za Krismasi ambazo shemeji na watoto walijaa nyumbani bure haziwezi kuhesabiwa stima yake kama gharama ya biashara. Na kitanda, friji na makochi havitolewi vyote kwa mkupuo; hupunguzwa kidogo kidogo kwa miaka.

La tatu, tangu Januari 2024 kipande cha karatasi cha dukani hakitoshi. Ili gharama ikubaliwe, kwa sehemu kubwa ya manunuzi unahitaji ankara ya kielektroniki ya mtambo wa eTIMS. Unaponunua rangi, magodoro au mashine ya kufulia, idai ankara hiyo papo hapo. Ukiirudia mwezi wa Juni, muuzaji atakuwa amekusahau.

La nne linawahusu vijana ambao hawana nyumba, bali wamepanga kwa mwenyewe kisha wakawapangisha wageni. Hapa kuna watu wawili na ripoti mbili. Mwenye nyumba anaripoti kodi anayolipwa na kijana. Kijana anaripoti fedha za wageni, na kodi anayolipa ni gharama yake. Asijibu kwamba nyumba si yake. Ushuru wa mapato hauulizi jengo ni la nani. Unauliza fedha ziliingia mfukoni mwa nani.

La tano, leseni ya kaunti ni kitu kimoja, tozo la utalii la asilimia 2 ni kitu cha pili, na ushuru wa mapato ni kitu cha tatu. Risiti ya kimoja haifuti deni la kingine.

Na anayechelewa? Ripoti ya mwaka ya mtu binafsi ikichelewa, faini ni shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, kutegemea ipi ni kubwa. Ushuru usiolipwa kwa wakati unaongezwa asilimia 5, na juu yake riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi. Deni la shilingi 50,000 lililolala miaka mitatu linakuwa 50,000, na 2,500 za adhabu, na 18,000 za riba; jumla 70,500, kabla hujaongezewa faini za ripoti. Ulikuwepo msamaha wa adhabu na riba kwa waliolipa deni lenyewe, ukaongezwa muda, ukafungwa tarehe 30 Juni 2025. Aliyeupitisha asikate tamaa. Ripoti ya zamani inaweza kusahihishwa ndani ya miaka mitano, na sheria inaruhusu kuomba kulipa kwa awamu. Anayekwenda mwenyewe husikilizwa vizuri kuliko anayefuatwa.

Nimewasema wenye nyumba. Sasa niwaseme na wenye kutunga sheria, maana haki ina pande mbili.

Wenzetu wamejaribu kuchora mstari kwa siku. Marekani, tangu mwaka 1976, mtu akipangisha nyumba anayoishi kwa siku zisizofika 15 katika mwaka, fedha hizo haziripoti, naye hatoi gharama za kupangisha. Ndiyo maana wenyeji wa mji wa Augusta, jimbo la Georgia, huweza kuwapisha wageni wa mashindano makubwa ya gofu kila Aprili bila kuulizwa. Akizidisha siku hizo, anaripoti zote. Na akitoa huduma nyingi kama za hoteli, anaijaza fomu ya biashara, si ya kodi. Uingereza nao kwa miaka mingi walikuwa na kipimo cha nyumba za likizo: iwe tayari kwa wageni siku 210 na ipangishwe kweli siku 105 kwa mwaka. Waliondoa utaratibu huo Aprili 2025, lakini ulipokuwepo kila mtu alijua yuko upande gani.

Sisemi tunakili sheria za watu. Nasema mstari ni kitu cha heshima. Babu zetu waliuchora zamani: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walijua siku gani mtu ni mgeni na siku gani amekuwa mwenyeji, na hakuna aliyelalamika kwamba hakuambiwa. Bunge letu, ambalo kila mwaka hupitisha Sheria ya Fedha yenye kurasa nyingi, haliwezi kushindwa kuongeza aya moja: kwamba nyumba inayopokea watu kwa usiku kadhaa na kuwapa huduma kadhaa ni biashara, na ile nyingine ni makazi. Aya hiyo ingemwondolea mwalimu wetu kukisia kati ya shilingi 54,000 na 72,000. Mtu anayekisia hulipa pungufu akaogopa, au hulipa zaidi akaumia, na wa tatu huona bora ajaze sifuri.

Hiyo ndiyo hasara kubwa zaidi. Sheria isiyoeleweka haimsumbui mwongo. Yeye hata hajaisoma. Inamsumbua yule aliyekuja kaunta na pesa mkononi akiuliza alipe wapi.

Lakini tusingoje Bunge ndipo tuanze kuandika. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Leo, kabla ya kulala, mwenye nyumba ya wageni achukue daftari la shilingi chache. Upande wa kushoto tarehe, siku alizokaa mgeni na kiasi alicholipa. Upande wa kulia kilichotumika na namba ya ankara. Likijazwa kila wiki, Juni haitakuwa mwezi wa jasho. Utajua umepata faida au umekuwa ukiwafurahisha wageni kwa mshahara wako, na utajua mlango upi ni wako. Na kijana wa saiba atakapouliza kama una kazi au huna, utakuwa na jibu la tatu: nina kazi, na nina wageni, na hesabu yao ni hii hapa.